Soma Barua Yote

Mimi ni mwepesi wa kuamini na mwepesi wa kukasirika, na mwaka ule yote mawili yalinikuta hapa Ibra, nimesimama mbele ya meza ya pasi na kanzu nane za wanaume zikiningoja. Simu niliiegemeza kwenye chupa ya maji ya kunyunyizia nguo, sauti ya Mtumishi ikitoka humo, na pembeni yake glasi ya maji ya kunywa. Kila Jumatatu Mtumishi alituombea maji. Tulikuwa wanawake wengi katika kundi lake la simuni, Watanzania na Wakenya, wote wafanyakazi wa ndani huku Uarabuni, na maelekezo yalikuwa hayo hayo: weka maji karibu na simu, akimaliza kuomba kunywa mafunda matatu, na ulichoomba kimeshatoka mkononi mwa Mungu, kiko njiani.

Jumatatu moja nikatoka kuanua nguo. Narudi, glasi tupu. Bi Mkubwa amekaa kwenye kiti changu anajipepea na ncha ya mtandio.

Bi Mkubwa ndiye mwenye nyumba. Kazaliwa Unguja, akaja Omani miaka ya sabini akiwa mke wa watu, na Kiswahili chake hakijasogea hata hatua moja tangu siku ile. Mwanawe na mkwewe wanafanya kazi Muscat, wanarudi Alhamisi na marundo yao ya nguo. Siku nyingine tunabaki wawili, yeye na macho yake yasiyoona vizuri, mimi na pasi yangu.

"Bi Mkubwa, umeyanywa maji yaliyokuwa hapa?"

"Nimeyanywa. Matamu, mashallah. Umeyatia marashi?"

"Jamani! Yale yameombewa!"

"Yameombewa nini?"

"Nirudi nyumbani haraka."

Akaitazama glasi, akanitazama mimi. "Basi mwanangu ntarejea miye. Unguja, na magoti haya!" Akacheka mpaka akakohoa, ikabidi nimletee maji mengine, ya kawaida. Mimi nilinuna. Nilinuna mpaka nilipofika jikoni, nikafunga mlango, nikacheka peke yangu huku nimeziba mdomo na taulo la vyombo.

Lakini hilo la kurudi nyumbani halikuwa mzaha. Nilikuja kwa mkataba wa miaka miwili. Nilimwacha binti yangu kwa mama yangu, Singida, akiwa na miaka kumi na mitatu, umri ambao mtoto wa kike anataka mama awepo hata kama hamsemeshi. Kanisa la karibu liko Muscat, na mimi gari sina na ruhusa ni ya kuomba. Kwa hiyo Mtumishi ndiye alikuwa mchungaji wangu, kwaya yangu na shemasi wangu, wote ndani ya simu. Alikuwa na sauti nzuri, nisimnyime haki yake. Alituita "mabinti zangu." Ukishinda kutwa unaitwa kwa kengele, mtu akikuita binti yangu unalegea.

Kwenye ibada ya mwaka mpya akatuambia Mungu amemwonyesha ndege. Kabla ya Pasaka kila aliyekuwa anasikiliza atakuwa amerudi kwao, mkataba umefunguka wenyewe, mwajiri kalainika. Akatupa mstari mmoja wa Maandiko, ule wa Mungu anatuwazia mema wala si mabaya, kutupa tumaini siku zetu za mwisho. Akatupa na masharti mawili: masanduku yafungwe yakae yamefungwa, na watoto wetu waambiwe tarehe bila kusitasita, kwa sababu ukisitasita unaufunga mlango mwenyewe.

Nikafunga sanduku. Kweli kabisa. Nguo za kazi nikaacha tatu, zilizobaki zikaingia humo na viatu vyangu vya kanisani. Nikampigia binti yangu: "Pasaka tunakula wote." Akasema, "Amina, mama."

Pasaka ikaja. Nilikula wali na mchuzi wa papa hapa hapa Ibra. Mtumishi akasema kati yetu kuna mmoja mwenye shaka, ndiye aliyeirudisha ndege angani. Basi nikaanza kumtafuta huyo mwenye shaka kama mtu anayetafuta aliyejamba kwenye mkutano. Nikaishia kujishuku mwenyewe. Kisha Mtumishi akasogeza tarehe, sasa ndege ikawa ya mwezi wa sita. Nikampigia tena mtoto: "Mwezi wa sita, mwanangu, bila kukosa." Amina, mama.

Mwezi wa tano ulipokaribia kwisha, joto limeshika, mama yangu akanipigia kwa sauti ile anayoitumia kwa misiba na kwa ng'ombe waliopotea. "Mwanao kaacha darasa la kipaimara. Wiki ya tatu leo. Wenzake wote wanaendelea, yeye kasema hasimami mpaka wewe uje. Mchungaji kasema mwisho wa mwezi anafunga daftari. Asiyekuwemo atangoja mwaka mwingine, na wenzake watakuwa wameshapita."

Kwetu kipaimara si jambo dogo. Ndiyo siku mtoto anasimama mbele ya madhabahu na gauni jeupe, anajibu kwa mdomo wake, si kwa mdomo wa wazazi. Mimi nimeisubiri siku hiyo tangu nimbebe mgongoni.

Na mnajua nilifanya nini? Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi. Nikasema loo, mtoto ana imani kunizidi mimi! Nikarekodi ushuhuda, nikautuma kwenye kundi, zikaja amina arobaini na mikono ya kupiga makofi. Mtumishi mwenyewe akajibu: imani ya mtoto huyo ndiyo itakayoishusha ndege. Siku nzima nilikuwa natembea juu juu.

Bi Mkubwa akaniuliza alasiri yake, tunakunywa kahawa na tende barazani. "Leo una nini, unang'ara hivo?"

Nikamweleza. Nilidhani atafurahi nami. Akatema kokwa la tende kiganjani, akaliangalia.

"Huyo bwana wa kwenye simu, kila siku nasikia anakusomea maneno yale yale. Mema, mema, tumaini. Yametoka wapi maneno hayo?"

"Kwenye Maandiko. Ni barua, Bi Mkubwa. Nabii aliwaandikia watu wake waliochukuliwa mateka ugenini."

"Barua?" Akakaa vizuri. "Umeisoma yote?"

Nikasema Mtumishi ndiye anayesoma, anatuchagulia.

"Ebo! Barua yaandikwa kwako, mtu mwengine akuchagulia mistari?"

Ilinichoma. Nikamjibu kwa ukali, nikamwambia hiyo ni dini yangu, asiiingilie. Mimi nikipandwa na hasira nimepandwa. Yeye hakukasirika. Alisema, "Dini yako yako, na yangu yangu, siigusi. Nakusemesha habari ya barua. Barua nazijua miye."

Kweli alizijua. Nilikuwa sijui, ndiyo siku hiyo akanihadithia. Alipofika Ibra, wanawake wa mtaa huu waliotoka Unguja walikuwa hawajui kusoma, yeye alikuwa amepita skuli kabla ya Mapinduzi. Barua zikija kutoka kwao, zikiletwa na wasafiri, wanakuja kwake. Anakaa pale pale barazani, anasoma kwa sauti, wao wanalia na kucheka. Ada yao ilikuwa moja: barua inasomwa tangu salamu hadi wassalaam, halafu anarudia tena yote, halafu ndiyo kahawa. Akikatisha, mwenye barua anamshika mkono.

"Sasa pale jirani yangu, mlango ule wa buluu, akipenda habari njema tu. Akija, furaha ishamjaa usoni. Siku moja imekuja barua ya nduguye. Juu harusi, chini mama mgonjwa taabani, anamtaka. Nimemtazama, nimemwonea huruma. Nimesoma harusi, nikamwambia wassalaam." Akamimina kahawa. "Mama akafa. Alikuwa na miezi mitatu ya kwenda kumuona, na nauli alikuwa nayo. Alipojua, hakunitukana. Kachukua barua zake zote kwangu, akawa anampelekea mtoto wa skuli. Mpaka kafa yeye, hakunipa barua tena. Na miye nilifanya kwa mapenzi. Sasa huyo bwana wako sijui anafanya kwa nini."

Niliosha vikombe. Moyoni nilikuwa namlaumu, eti kanitia shaka, sasa mwenye shaka ni mimi na ndege itarudi. Lakini mlango wa buluu nauona kila siku nikienda kutupa taka, na sasa sikuweza kuupita bila kuutazama.

Kesho yake baada ya Bi Mkubwa kusali alasiri, nikaleta Kitabu changu barazani. Nikamwambia ninasoma barua, kama hataki kusikia aingie ndani. Akasema, "Nisikie nisisikie? Soma." Ndiyo mtindo wake, hajawahi kukiri kwamba anataka jambo.

Nikaanza na salamu. Mistari ya kwanza tu nikakwama. Nabii hawaambii mateka wafunge masanduku. Anawaambia wajenge nyumba wakae humo. Walime bustani wale mazao yake. Waoze watoto wao, wazae, wasipungue. Halafu wauombee heri mji ule ule waliopelekwa, kwa sababu mji ukiwa na amani na wao watakuwa na amani.

"Rudia hapo pa bustani," akasema Bi Mkubwa. Nikarudia.

Nikaendelea, na hapo ndipo damu ilinipanda. Nabii anasema Mungu anawaonya wasidanganywe na manabii waliomo kati yao, wala wasisikilize ndoto, kwa kuwa hao wanatabiri uongo kwa jina lake na yeye hakuwatuma. Hiyo iko juu. Juu kabisa ya ule mstari wetu wa mema na tumaini, ukurasa ule ule, kipande cha kidole! Mtumishi aliuruka ili aufikie wetu. Lazima macho yake yalipita hapo. Haiwezekani hayakupita.

Na katikati yake, miaka. Mungu anasema atawarudisha kwao, ndiyo, lakini ikitimia miaka sabini.

"Sabini!" Bi Mkubwa akapiga paja. "Na weye umebakisha mingapi?"

"Miezi kumi na minne."

"Miezi kumi na minne, na umefunga sanduku! Wale wamengoja sabini, weye mkataba wako unakwisha hata mtende mchanga haujazaa!" Nikajikuta nacheka na machozi yananitoka, na hasira iko pale pale, vyote pamoja. Nikasoma hadi wassalaam. Na hapo ndipo nilipoufikia mstari wetu upya, ule wa mema, na nisiwafiche, ulikuwa mtamu kuliko ulivyowahi kuwa kwa Mtumishi. Kwake ulikuwa tiketi. Kwenye barua Mungu anaongea na watu ambao hawaendi popote leo wala kesho, na bado anawawazia mema pale pale walipo, na anasema wakimtafuta kwa moyo wao wote watamwona. Huko huko ugenini. Nilikuwa nimekaa miezi kumi Ibra nikidhani Mungu ananisubiri uwanja wa ndege.

Jioni hiyo nikaandika kwenye kundi, kwa adabu zote: Mtumishi, shalom, nimesoma barua nzima, naomba utufundishe na ule mstari wa juu, na ile miaka sabini. Nikaenda kuweka birika jikoni. Birika halijachemka, nimeshatolewa kwenye kundi. Weee! Miezi yote ile ya kuitwa binti yangu, na kufukuzwa kumechukua muda wa kuchemsha kahawa. Niliitazama ile simu, nikasubiri nilie, nikashangaa kilichonijia ni kicheko. Kabla sijalala dada watatu walinitumia ujumbe pembeni, kila mmoja kwa siri, kila mmoja anauliza swali lile lile: ni ukurasa wa ngapi?

Nikafungua sanduku. Nguo zilikuwa zimejikunja vibaya, zinanuka karafuu niliyoitia kuzuia wadudu, na nilizipiga pasi zote, zangu, kwa mara ya kwanza kabla ya kanzu za mtu yeyote. Asubuhi nikamwomba Bi Mkubwa kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, pale maji ya falaji, mfereji wa kumwagilia wa mtaa mzima, yanapopita zamu yetu ikifika. Nikapanda mchicha na maboga. Bi Mkubwa akasimamia kwa fimbo na kukosoa kila shimo. "Hapo karibu mno. Huko mbali mno. Hujawahi kulima weye?" Mimi mtu wa Singida, naambiwa sijawahi kulima!

Lakini lililokuwa gumu bado lilikuwa mbele yangu, na nililiacha siku tatu. Nilikuwa nimemwambia mtoto Pasaka, nikamwambia mwezi wa sita. Daftari la mchungaji linafungwa, yeye yuko nje ananingoja mimi, na mimi siji. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kupanda ndege. Nilijiambia nikimvunja moyo ataacha kanisa kabisa. Nikajiambia labda nimwambie tu mambo yamesogea kidogo. Nikajisikia naongea kama Mtumishi.

Ijumaa mchana, nyumba nzima imelala baada ya wali, nikaenda nyuma kwenye maboga yangu, nikapiga.

"Mama! Shikamoo."

"Marahaba. Mwanangu, kaa chini. Nina jambo, na nitalisema lote, usinikatishe." Nikavuta pumzi. "Siji mwezi wa sita. Hakuna ndege. Hakukuwa na ndege tangu mwanzo. Yule Mtumishi alisema uongo, na mimi nikakubebea uongo wake nikakuletea. Mkataba wangu umebakisha miezi kumi na minne na nitaumaliza. Nisamehe."

Nikasikia kuku wa mama yangu. Nikasikia mtoto anapumua.

"Mama, mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Nakala ya mkataba iko kabatini kwa bibi. Niliisoma tangu Januari, kurasa zote. Imeandikwa miaka miwili."

Nikakaa kwenye tope la falaji na gauni langu. "Kama ulijua, mbona kila mara unaniitikia amina?"

"Ulikuwa unafurahi sana, mama. Sikutaka kukuharibia."

"Na kipaimara? Bibi yako kasema umegoma unaningoja mimi."

"Nilimwambia hivyo kwa sababu sikujua niseme vipi. Siku ile mchungaji atatuuliza mbele ya watu wote kama tunamkataa shetani na uongo wake. Lazima ujibu mwenyewe. Na mimi kila ukipiga simu nakudanganya. Nikaona siwezi kujibu. Nikasema ningoje kwanza."

"Ungoje nini?"

"Uache. Halafu na mimi niache."

Nililia. Nililia kwa sauti mpaka dirisha la Bi Mkubwa likafunguka, akauliza nani kafa, nikampungia mkono kwamba hakuna, ni furaha, akasema furaha gani hiyo ya kukaa topeni, akafunga dirisha. Mtoto akasikia yote, akaanza kucheka huku analia, na mimi nikacheka. Akasema, "Mama, na mimi basi niseme. Ile hesabu niliyokuambia nimepata sabini, nilipata ishirini na mbili."

"Ishirini na mbili!"

"Na ule mkufu wako niliupoteza mtoni."

"Ala! Basi, basi, nyingine weka Ijumaa ijayo!" Tukacheka tena. Sikumbuki kucheka vile na mwanangu tangu ajifunze kutembea. Nikamuuliza daftari la mchungaji linafungwa lini.

"Jumapili."

"Nenda sasa hivi."

"Sasa hivi? Jua lote hili?"

"Sasa hivi. Huku Ibra ndiko kuna jua."

"Basi usikate simu, mama."

Sikukata. Nilisikia ndala zake kwenye njia ya mchanga, nikasikia anawaamkia watu barabarani, shikamoo, shikamoo, pikipiki ikapita, mbwa wa mtu akabweka. Alinieleza njia nzima kana kwamba siijui: sasa nimepita mashine ya kusaga, sasa naiona nyumba ya mchungaji. Kisha akanong'ona, "Nyamaza mama, nimefika," nami nikauziba mdomo kwa mkono wenye tope.

"Hodi!"

"Karibu. Aa, mpotevu wetu! Kumbe mama amefika?"

"Hajafika, mchungaji," mwanangu akasema, kwa sauti kubwa na safi, niisikie mpaka huku. "Mama yangu haji mwaka huu. Nimekuja uniandike."